Somo la Familia: Mama Anapotaka Kumwambia Mumewe Kwamba Ana VVU

Masomo: Marko 5:25-34; Mathayo 1:18-25; Yohana 9:1-3; Mithali 11:13



Tunawasalimu wote katika vijiji vyote vya makazi yetu hapa Uganda, ninyi mliotoka Fizi, Uvira, Masisi, Rutshuru na kwingineko. Somo la mwezi huu ni gumu. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kama jambo hili linafaa kuandikwa katika gazeti la kanisa. Tuliomba juu yake, tukaona linafaa, kwa sababu limo ndani ya nyumba zetu tayari. Kuna wamama wanaoketi nasi benchi moja kila Jumapili, wanaimba, wanatoa sadaka, na huku wameficha vidonge ndani ya gunia la unga ili mume asivione.

Tunaomba mume na mke msome somo hili pamoja. Kama hilo haliwezekani nyumbani kwako, lisome peke yako, nawe usijione umetengwa.

1. KWA NINI MAMA HUJUA KWANZA

Mama akipata mimba huenda kliniki. Pale hupimwa damu, na kipimo cha VVU, ambavyo wengi wetu tuliotoka Kongo tumezoea kuviita virusi vya SIDA, ni mojawapo. Baba hana kliniki ya mimba. Anaweza kukaa miaka kumi bila kupimwa hata mara moja. Basi habari inaingia nyumbani kupitia kwa mama, na baba anauliza, "Umeitoa wapi?"

Wapendwa, tulishike neno hili: aliyepimwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta. Kipimo kinaonyesha kwamba virusi vipo. Hakionyeshi viliingia mwaka gani, wala kupitia kwa nani. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka mingi bila kuugua.

Na jibu la mama si jibu la baba. Kuna nyumba nyingi ambamo mmoja ana virusi na mwenzake hana, hata baada ya kuishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto. Baba asiseme, "Mke wangu amepimwa, basi na mimi nimejua." Hajajua. Apimwe mwenyewe. Na akikutwa hana, afuate ushauri wa kurudia kipimo, kwa maana maambukizo mapya huweza kuchelewa kuonekana kwa wiki kadhaa, hata miezi mitatu.

Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu hakuingia katika hesabu ile. Aliwaonyesha kazi ya Mungu iliyokuwa mbele yao. Nyumba nyingi zimevunjika hapa kwa sababu ya kutafuta nani alianza, na huku kazi iliyo mbele ni dawa, mtoto na amani.

2. SIRI INAGHARIMU NINI

Kunyamaza kunaonekana kama usalama. Lakini tuhesabu gharama yake. Mama anayeficha hunywa kidonge mume akiwa shambani. Mume asipotoka siku hiyo, kidonge kinarukwa. Mtoto akizaliwa hupewa dawa ya maji kila siku kwa wiki kadhaa. Baba akiuliza ni ya nini, mama anadanganya, au anaacha kumpa. Tarehe ya kliniki ikifika, anasema anakwenda sokoni. Uongo mmoja huzaa mwingine, na mwili wake unaumia.

Wahudumu wa afya hutufundisha hivi. Bila dawa, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye virusi, 15 hadi 45 wanaweza kuambukizwa. Mama akinywa dawa vizuri, na mtoto akipata yake, hesabu hiyo hushuka chini ya 5. Tofauti hiyo ni watoto wanaokimbia uwanjani kwetu baada ya ibada.

Tena iko habari njema ambayo wengi hawajaisikia. Mwaka 2011 utafiti uliofanywa katika nchi 9, kwa wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizo kwa mwenzi kwa asilimia 96. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi: mtu anayekunywa dawa kila siku, hata virusi vikawa havionekani tena katika kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Kwa hiyo mama anayemwambia mumewe hamletei hukumu ya kifo. Anamletea njia ya kuishi. Lakini njia hiyo inahitaji vidonge vinyweke bila kuficha.

3. TULIPOKOSEA SISI

Hapa tunapaswa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja kwetu jioni, akiwa na mtoto mgongoni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia mama mchungaji, halafu nasi tukaambiwa. Tulikuwa tumejifunza katika chuo cha Biblia kwamba kweli humweka mtu huru. Tulimwombea, tukamwambia, "Nenda ukamwambie baba leo hii, Mungu atakutangulia."

Hatukumuuliza kama mume wake humpiga. Hatukumuuliza kama anakunywa pombe. Hatukumuuliza atalala wapi mambo yakiharibika. Alikwenda, akasema, usiku. Kabla ya saa sita alikuwa amefukuzwa, mvua ikinyesha, na vidonge vyake vilibaki ndani ya nyumba. Majirani walimpokea chini ya shitingi yao.

Tena tuliongeza kosa la pili. Katika maombi ya alfajiri mmoja wetu alisimama akasema, "Tumwombee dada yetu fulani, ana shida ya damu." Hakutaja ugonjwa, lakini kila mtu alielewa. Kufikia saa nne habari ilikuwa imefika bombani, pale wamama wanapopanga madumu ya maji. Hatukuwa na nia mbaya. Lakini siri haikuwa yetu, nasi tuliitoa. Mithali 11:13 inatofautisha msengenyaji, ambaye hubeba siri za watu huku na huku, na mwenye roho ya uaminifu, ambaye hufunika jambo. Siku ile tulikuwa upande wa kwanza wa mstari huo.

Mama yule alikaa majuma mawili bila dawa, kwa aibu ya kurudi kliniki. Mume wake alihamia makazi mengine na hakurudi. Mtoto, kwa neema ya Mungu, alipopimwa akiwa na miezi 18 hakuwa na virusi. Mama angali nasi, na ametupa ruhusa tuandike haya bila jina. Tulimwomba msamaha. Alisema, "Mchungaji, nilitaka kusema. Sikutaka kusema vile."

Neno hilo ndilo somo letu la leo. Wamama wengi wanataka kusema. Wanahitaji mahali, wakati na watu watakaofanya kusema kuwe salama.

4. YESU ALIMPOKEAJE ALIYESEMA

Someni Marko 5:25-34. Mwanamke yule alikuwa na ugonjwa wa damu miaka 12. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga, na hali ikazidi. Kwa sheria ya wakati ule alihesabiwa najisi, basi alikuja kwa kificho, kutoka nyuma, katikati ya umati. Alipojulikana aliogopa na kutetemeka. Hata hivyo alieleza habari yake yote.

Tazameni mambo matatu. Kwanza, alisema kwa hofu, na Yesu hakumkemea kwa kuwa na hofu. Pili, Yesu hakuuliza ugonjwa ule aliupataje. Tatu, alimwita binti. Mbele ya watu waliomkwepa, alimpa jina la mtu wa nyumbani, akamruhusu aende kwa amani. Mwanamke alipomaliza kusema, alikuwa na heshima zaidi kuliko kabla ya kusema. Hicho ndicho kipimo cha kanisa. Je, mama akisema ukweli katikati yetu, anaondoka na heshima zaidi au pungufu?

5. MAMA, UKITAKA KUSEMA

Haya tumejifunza kwa washauri wa kituo cha afya, na kwa wamama wenyewe waliopita njia hii.

(a) Anza dawa kwanza. Usingoje mpaka umwambie mume ndipo uanze. Dawa ni ya uhai wako na wa mtoto.

(b) Tafuta mtu mmoja wa siri. Anaweza kuwa mshauri wa kliniki, au mama mwenye umri aliye mwaminifu. Mmoja anatosha. Usiwaambie watano ukitumaini mume hatasikia.

(c) Pima nyumba yako. Je, mume wako hukupiga? Amewahi kutishia kukuua au kukufukuza? Kama jibu ni ndiyo, usimwambie peke yako, na usimwambie usiku. Kunyamaza kwa muda ili uokoe maisha yako si dhambi. Hata Yusufu aliambiwa amchukue mtoto na mama yake wakimbie usiku. Mweleze mshauri hatari hiyo waziwazi, mpange pamoja.

(d) Tumia mlango wa kupimwa pamoja. Unaweza kumwambia mume, "Kliniki wanataka wazazi wote wawili tuje tupimwe." Mkifika, mnapimwa wote na kupokea majibu pamoja mbele ya mshauri. Mama aliyekwisha kujua anaweza kumweleza mshauri mapema, naye ataongoza mazungumzo. Pia mhudumu wa afya anaweza, ukikubali, kukusaidia kumwita mume apimwe.

(e) Chagua wakati. Mchana, akiwa ameshiba, hajanywa, watoto wametumwa kwa jirani, na mtu wako wa siri anajua saa unayosema.

(f) Sema kwa maneno machache. Kwa mfano: "Baba Fulani, nilipimwa kliniki, wakaniambia nina virusi. Nimeanza dawa. Sijui vilitoka wapi, wala sikulaumu. Nataka wewe upimwe ili tulinde nyumba yetu." Kisha nyamaza. Mwache naye apumue. Usijibu kila swali siku hiyo hiyo.

(g) Weka akiba ya njia. Vidonge vya siku chache, kadi ya kliniki na nakala ya karatasi ya familia viwe mahali unapoweza kuvifikia. Wamama wengi hunyamaza kwa sababu jina lao limo katika karatasi ya mume, na posho hutoka kwa karatasi hiyo. Ukifukuzwa, nenda katika ofisi inayolinda wakimbizi ueleze. Kufukuzwa na mume hakukuondolei haki yako ya kuandikishwa wala ya kutibiwa.

Tunajua pia kwamba wako wamama ambao virusi viliwapata kwa nguvu, katika vita, mikononi mwa watu wenye silaha. Hao wana siri mbili ndani ya moja. Dada yetu, ulitendewa, hukutenda. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu mwaka 1999, na ambaye ni mtoto wa mchungaji, amewatibu maelfu ya wamama wa namna hiyo, na dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Hakuwahi kuwaita wachafu. Kanisa halina ruhusa ya kuwaita hivyo. Si lazima useme siri zote mbili siku moja. Ya afya inaweza kutangulia, ile nyingine isubiri mpaka moyo wako upate nguvu.

6. BABA, UKIAMBIWA

Wababa, sasa ni zamu yetu. Someni Mathayo 1. Yusufu alipata habari iliyomvunja moyo kuhusu Mariamu. Alikuwa bado hajaelezwa na malaika. Kwa alivyojua yeye, alikuwa na sababu ya kukasirika. Lakini Biblia inamwita mwenye haki, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mbele za watu. Alilala na jambo lile kwanza. Na Mungu alisema naye alipokuwa akilitafakari, kabla mkono wake haujafanya lolote.

Basi baba, ukiambiwa, fanya alivyofanya Yusufu. Lala nalo. Usiite wajomba. Usidai mahari irudishwe. Kesho yake nendeni mkapimwe. Ukikutwa hunazo, iko dawa ya kujikinga wakati mkeo anangoja virusi vyake vishuke, na kondomu pia. Muulizeni mhudumu bila aibu. Ukikutwa nazo, mkeo amekuokoa, kwa maana bila yeye ungejua siku ya kuanguka.

Na wewe baba unayejua tangu zamani kwamba una virusi, ukaenda kuchukua dawa kituo cha mbali ili mkeo asijue, kisha ukamlaumu yeye siku aliyopimwa: Mungu ameona. Bado kuna nafasi. Somo hili lote ni lako pia.

Tuwakumbuke waliotutangulia. Mwaka 1991 Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana hapa Uganda alifiwa na mke wake. Alipopimwa alijua kwamba naye ana virusi, na mwaka 1992 alilisema jambo hilo hadharani, wakati ambapo viongozi wa dini Afrika walikuwa kimya. Alibaki kasisi, akaoa tena, akaendelea kufundisha makanisa kuondoa aibu. Kusema hakukumaliza huduma yake. Kulimwongezea.

7. KANISA LIFANYE NINI

Tangu kosa lile la kwanza tumekubaliana na wazee na Umoja wa Wamama mambo manne. Moja: hakuna ombi la ugonjwa wa mtu litakalotajwa hadharani bila yeye mwenyewe kuruhusu. Mbili: mama mchungaji na mama mmoja aliyechaguliwa ndio watakaopokea siri hizi, na hawatawaambia hata waume zao bila ruhusa. Tatu: mama akifukuzwa, iko nyumba ya kumlaza usiku huo, na mzee atakwenda kuzungumza na mume asubuhi, wala si kumhukumu mama. Nne: hakuna mtumishi atakayemwambia mtu aache dawa kwa sababu ameombewa. Tunaamini Mungu anaponya. Aliyeponywa hospitali itaona kwa vipimo, na daktari ndiye atakayesema. Wapo tuliowazika kwa sababu waliacha vidonge baada ya mkutano wa maombi.

Neno moja juu ya kliniki. Tangu misaada ya nje ilipokatwa mwaka 2025, mahali pengi wafanyakazi wamepungua na foleni zimerefuka. Usingoje kidonge cha mwisho. Nenda siku kadhaa kabla ya dawa kwisha, na kama huwezi kwenda, mwambie mtu wako wa siri.

Tumalizie kwa ushuhuda. Mwaka uliofuata, mama mwingine alikuja kwetu na habari ile ile. Safari hii tuliuliza maswali kwanza. Mume hakuwa mkali, ila mwepesi wa hofu. Tulimpeleka mama kwa mshauri, mshauri akawaita wote wawili, wakapimwa. Mama alikuwa nazo, baba hakuwa nazo. Walirudi nyumbani kwa miguu, baba akisukuma baiskeli, hakusema neno njia nzima. Mama alituambia kwamba zile kilomita tatu zilikuwa ndefu kuliko safari ya kutoka Kongo. Walipofika mlangoni baba aliegemeza baiskeli ukutani, akauliza, "Leo umeshakunywa kidonge?" Akajibu bado. Baba akaenda kuchota maji katika kikombe akamletea.

Mpaka leo ni yeye anayemkumbusha, saa tatu ya usiku, kila siku.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA SELI

1. Kwa nini mwanamke wa Marko 5 alikuja kwa kificho? Ni mambo gani katika kanisa letu yanayowafanya watu waje kwa kificho?
2. Yusufu alifanya nini kabla ya kuamua? Tunajifunza nini sisi wababa?
3. Je, umewahi kutoa siri ya mtu kwa jina la maombi? Unaweza kufanya nini sasa ili kutengeneza?
4. Mume na mke: ni lini mara ya mwisho mlipimwa pamoja?

TUOMBE

Bwana Yesu, wewe ulimsikiliza mwanamke aliyetetemeka mpaka akamaliza habari yake yote. Wape wamama wetu ujasiri na wakati mwema. Wape wababa wetu moyo wa Yusufu. Utupe sisi wachungaji na wazee masikio makubwa na kinywa kidogo. Linda watoto wetu. Uturudishe kwetu kwa amani siku yako itakapofika, na mpaka siku hiyo utulinde hapa tukiwa nyumba moja. Amina.